"Kazi yake nini?" "Anafungua vitu!"

Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani. Nataka tuzungumze vitu vibovu. Naam, vibovu: redio iliyozira, friza inayonguruma halafu inanyamaza, gari inayokuwashia taa ya injini kama inakukonyeza. Na kabla hujafunua ukurasa mwingine ngoja kwanza, maana humu ndani mna posa, na posa yenyewe mpaka leo haijapata jibu.

Sisi wa mjini tuna tabia moja. Kitu kikigoma tunakipiga makofi mawili ubavuni. Kikikataa, tunampelekea fundi, naye hata kifuniko hajakifungua vizuri keshatoa hukumu: "Bodi imekufa, weka mpya." Imekufa! Imekufa kwa maradhi gani? Hakuna anayeuliza. Tunatoa pesa, tunaweka mpya, ya zamani inakwenda jaani. Na si sisi peke yetu, dunia nzima ndiyo ugonjwa wake. Mwaka 2022 binadamu walizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa hazikufika hata robo.

Sasa njoo Wingwi. Kwa asiyepajua, ni kaskazini ya Pemba, Wilaya ya Micheweni, huko wanakovua pweza na kulima mwani. Duka la kuuza transista huko mimi sijaliona. Ukitaka kitu kidogo kama punje ya mtama unapanda gari mpaka Chake. Ukikosa Chake, umtume mtu anayepanda meli Mkoani akutafutie Darajani, Unguja. Ukikosa Darajani, basi umuombe Mungu apatikane msafiri wa Kariakoo mwenye moyo wa kuhangaika na rezista ya shilingi mia tatu. Huku mjini kitu kikifa unatembea hatua hamsini unakuta duka. Kule kikifa lazima mtu ajue kimekufa kwa nini, la sivyo kimekwenda.

Huko ndiko anakoishi mtoto wa khaloo wangu. Jina lake silitaji, ana posa ati! Nitamwita Fundi, ingawa yeye mwenyewe jina hilo halitaki. "Mimi si fundi, kaka," huniambia. "Mimi nafungua tu."

Alianza kufungua mapema. Mwaka 2010 waya wa chini ya bahari ulipotoka Tanga kuja Pemba, yeye alikuwa na miaka kumi na mbili. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kikitegemea majenereta ya dizeli, na vijijini wengi wetu tulikuwa watu wa kibatari. Redio ilikula betri za mawe, zikichoka unazianika juani zikupe taarifa ya habari ya mwisho. Televisheni, kwa mwenye nayo, ilikula betri ya gari, na mechi ikifika dakika ya themanini picha inaanza kusinyaa kama mtu anayefumba macho. Waya wa Tanga ulipofika, na nguzo zikasogea vijijini taratibu, watu wakanunua. Wee! Pasi, feni, friza, spika kubwa kuliko mlango, nyingi mitumba ya Dubai. Na umeme nao ukaja na tabia zake: mara hafifu taa inakuwa nyekundu, mara unakatika, mara unarudi kwa hasira. Ongeza hewa ya chumvi inayogeuza shaba kuwa kijani. Kwa kijana mwenye bisibisi ilikuwa kama kufunguliwa skuli mlangoni.

Ukiingia chumbani kwake unaweza kudhani kwa muuza chuma chakavu. TV za chogo tatu, mabodi yametundikwa ukutani kwa misumari, makopo ya maziwa yamejaa skurubu. Lakini tazama juu ya kabati. Kuna madaftari ya skuli. Nilihesabu kumi na saba. Kila anachokifungua anakichora.

Hapa ndipo mimi nilipoacha kumcheka. Kiwanda hakikupi ramani ya ndani ya kitu chako. Wengine hata maandishi ya juu ya aisii wanayakwangua makusudi usijue wametia nini. Sasa yeye anaichukua bodi, anainyanyua juani. Upande mmoja anaona vifaa, upande wa pili njia za shaba zimepita kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Anazifuata moja moja kwa penseli: mguu huu wa transista umekwenda kwenye rezista ile, rezista ile imeshuka kwenye kapasita hii. Bodi ya chaja ndogo humchukua jioni mbili. Ya televisheni moja ilimchukua Ramadhani nzima, kila siku baada ya tarawehe. Wazungu wana jina refu la shughuli hii. Yeye anaiita "kurudi nyuma": unaanza na kitu kilichokwisha kutengenezwa, unarudi hatua kwa hatua mpaka uingie kichwani mwa aliyekibuni.

Na akishaingia humo hugombana naye! "Huyu bwana," ataniambia, "mtazame alivyo. Kapasita kaiweka ubavuni mwa bamba la moto. Makusudi hii." Kapasita ni kile kijikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, ndani kina majimaji ya dawa. Adui yake joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba nyuzi joto zikipanda 10, umri wake unakatika nusu. Kwa hiyo kilicho karibu na moto ndicho kitakachovimba kichwa mwanzo, na kikivimba TV nzima inakataa kuwaka, ukiambiwa "bodi imekufa" nawe unaamini. Kumbe kilichokufa ni kitu cha bei ya maandazi mawili.

Ngoja nikupe kisa cha friza. Khaloo, mama yake Fundi, anauza barafu za ukwaju na ubuyu, na kuwawekea watu pweza wao. Friza ile ndiyo iliyosomesha wadogo zake. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi friza ikawa inafanya "ngrrr" sekunde chache, halafu "tak", kimya. Baada ya dakika mbili tatu, "ngrrr... tak". Fundi wetu siku hiyo alikuwa dago, kambi ya uvuvi. Khaloo kwa wahka akamwita mtu wa mjini, naye akasikiliza, akatikisa kichwa: kompresa imekwisha, tafuta laki mbili na nusu au nunua friza mpya. Khaloo akanipigia simu analia. Pweza wa watu kilo arubaini wanayeyuka, mwanangu!

Kijana aliporudi hakusema neno. Alichomoa waya ukutani, akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kompresa, akachomoa kile kirilei cha kuanzishia, akakitikisa sikioni. Chaka-chaka-chaka. "Umesikia? Huyu kavunjika ndani." Lakini hakuishia hapo, na hii ndiyo tofauti ya mjuzi na mbahatishaji. Kompresa ina miguu mitatu. Akachukua mita yake, akapima mguu na mguu: 12, 18, 30. Akaniambia hizo mbili ndogo ukizijumlisha zinafika ile kubwa, kwa hiyo nyaya za ndani ni nzima, hesabu ingekataa ndiyo tungelia. Akatoa rilei kwenye friji iliyokufa zamani, ya kompresa ya ukubwa uleule, akaipachika. Ngrrr... ikaendelea kunguruma. Pweza wakaokoka. Gharama: sifuri. Khaloo alimpa barafu mbili.

Sasa wewe msomaji usije ukakimbilia bisibisi kesho asubuhi ukanitaja mimi hospitali. Hii si michezo ya kuigiza. TV ya chogo nyuma ya kioo ina volti elfu ishirini na zaidi, na inaweza kukaa nazo hata baada ya kuizima. Chaja na TV bapa ndani mna kapasita inayoshika zaidi ya volti 300, kwa sababu umeme wa ukutani wa 230 ukishanyooshwa unapanda mpaka 325 hivi. Fundi aliwahi kurushwa akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akaangukia gunia la nazi, na mkono ukafa ganzi siku nzima. Tangu hapo ana taa mbili asizoachana nazo. Moja anagusisha kwenye kapasita kuinyonya kabla hajatia mkono. Ya pili, balbu ya zamani ile ya waya, anaiunga kwenye njia ya umeme kabla ya kifaa kilichotoka kutengenezwa. Ikiwaka kwa nguvu zake zote na kubaki hivyo, ndani kuna nyaya zimegusana, zima haraka. Ikiwaka mara moja halafu ikafifia, pumua. Ujanja huu hauna hakimiliki, mafundi wa dunia nzima wanautumia. Lakini anza kwa kukaa na anayejua.

Haya, twende kwenye posa.

Mwezi wa Shaabani tulikwenda kumposea. Ami yake ndiye kiongozi wa msafara, mimi nimewekwa kama mtu wa mjini wa kupendezesha kikao. Binti ni mwalimu wa skuli, ana stashahada yake, na baba yake ni karani mstaafu wa serikali, mtu wa kuheshimu sana makaratasi. Kahawa ikapita, haluwa ikapita. Ami akasema maneno yake mazuri ya kikubwa, ua limechanua, na sisi tumepita tumevutiwa na harufu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijana wenu tunamjua," akasema. "Swala anaswali, sigara havuti, kelele hana. Lakini nijulisheni jambo moja. Kazi yake nini?"

Kimya. Ami akanitazama mimi, mimi nikatazama haluwa. Mwisho Ami akajikaza: "Anafungua vitu."

Jamani! Nilitamani mkeka unimeze. Nikaona hapa nisiposema, posa imekwenda na maji. Nikaomba ruhusa. "Mzee wangu, kwa idhini yako," nikamsimulia kisa cha gari ya mwalimu mmoja wa huko huko.

Ilikuwa Toyota ya petroli ya mwanzoni mwa miaka ya 90. Inawaka, inatetemeka, inazima, petroli inakunywa kama maji. Mwenyewe alishabadilisha plagi, pampu, na sensa mbili, pesa chungu nzima. Siku hizi magari yana tundu la kuchomeka kidude cha kusoma makosa ukaona kwenye simu. Vidude hivyo vya bei poa vyenyewe ni zao la kurudi nyuma: kampuni moja ya Kanada, Elm Electronics, ilibuni kichipu kinachoitwa ELM327, toleo la kwanza halikufungwa, Wachina wakalinakili, na nakala zikajaa dunia. Lakini gari ile ni ya zamani, kidude hakisemi nayo. Fundi akafungua kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikapumzika, mara mbili. Ishirini na mbili. Kwa Toyota za wakati ule maana yake sensa ya joto la maji. Na sensa ilikuwa mpya!

Mwengine angesema gari ina jini. Yeye akasema, kama sensa ni nzima na bado kontroli boksi haiisikii, basi njia imekatika kati yao. Akaipima waya mpaka mwisho, nzima. Ikabidi afungue boksi lenyewe. Alipofungua tu akasikia harufu ya samaki waliooza. Kapasita tatu zilikuwa zimevuja, na dawa yake imekula njia ya shaba kwenye bodi. Maradhi haya yanajulikana sana kwa maboksi ya Toyota za miaka ile. Akasafisha kwa spiriti na mswaki, akaweka kapasita mpya alizoletewa kutoka Darajani, akaziba njia iliyolika kwa unyuzi mmoja wa waya mwembamba kama unywele. Gari ikatulia. Mwalimu alikwisha kuambiwa anunue boksi lililotumika kwa laki nne.

Nilimaliza nikajiona mwanasheria. Mzee akanywa kahawa yake taratibu.

"Mashaallah," akasema. "Alitoza ngapi?"

Wasomaji wangu, swali hilo sikulitegemea. Nikasema kweli: mkungu wa ndizi na changu wawili.

"Basi hiyo si kazi, mwanangu. Hiyo ni sadaka. Na sadaka ni njema. Lakini binti yangu hatokula sadaka anayotoa mumewe."

Mpaka leo sentensi ile inanizunguka kichwani. Kwanza nilikasirika. Huku mjini tuna watu wamevaa tai, wanasema "weka mpya" na kutoza laki, nao tunawaita wataalamu. Huko Ulaya mwaka 2024 walipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda watengeneze baadhi ya bidhaa zao hata dhamana ikishakwisha, yaani wanatunga sheria kupata kitu ambacho Wingwi kinapatikana kwa kubisha hodi. Halafu mwenye kukitoa anaambiwa hana kazi!

Lakini nikitulia naona mzee hakukosea hesabu. Wanakijiji wanalipa, ni kweli, ila si kwa pesa. Paa la Khaloo lilipovuja walikuja watu sita kulisuka makuti bila kuitwa. Akilima, wanamlimia. Sasa risasi ya kuchomelea na kapasita hazinunuliwi kwa makuti. Anazinunua kwa pesa ya pweza, yaani anakwenda baharini ili apate cha kuwatengenezea watu bure. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Kaka, mwenye redio mbovu na mimi tunaswali saffu moja. Nimwambie elfu kumi kwa kugusa waya uliochomoka?" Nikamwambia hakulipi kugusa waya, anakulipa kujua ni waya upi. Akacheka. Akasema maneno ya mjini hayo.

Mzee alitoa masharti mawili. Kijana atafute cheti, kwani Kituo cha Mafunzo ya Amali kipo Vitongoji, si mbali na Chake. Na awe na mahali panapojulikana kwamba hapa ndipo anapofanyia kazi. Jibu litatoka baada ya hapo. Fundi hilo la cheti limempa tabu. Si kiburi. Akienda Vitongoji nani atamwangalia mama yake na friza yake? Na anaona kukaa darasani kufundishwa kushika solda, kitu anachokifanya toka utotoni, ni kama kufundishwa kula. Mimi nadhani aende. Ana mapengo. Gesi ya friji haijui vizuri, anaikwepa. Hesabu za saketi anazipata kwa kubahatisha na kuonja, wakati zipo kanuni za kumfikisha kwa dakika moja. Madaftari kumi na saba yakipata kanuni hizo, huyo mtu mnyonge hatomweza.

Na binti mwenyewe? Hapo ndipo panapochekesha. Sisi wanaume tumekaa tunajadili vyeti, kumbe yeye neno lake lilikwisha kupita kwa wanawake, kutoka kwa shoga yake mpaka kwa Khaloo, na Khaloo akanipa mimi kwa simu. "Mwambieni, mimi sina shida na redio zake wala makopo yake. Nitamsaidia hata kuyapanga madaftari. Lakini aanze kutoza, na aanzie kwa baba, maana alimtengenezea feni hapa mwaka juzi hakuchukua hata senti!"

Ni kweli. Feni ya mzee, iliyokuwa ikitupulizia siku ile ya posa, ni yeye aliyeifufua.

Basi wiki iliyopita nimepigiwa simu. Fundi kapata boksi la katoni, kalikata, kaandika bei kwa kalamu nene, kalitundika barazani. Kapasita elfu mbili na kifaa chake. Kuchomelea waya, mia tano. Kontroli boksi ya gari, maelewano. Nafasi ya kupima friza ameiacha wazi, hajui aandike nini, kwa sababu mtu wa kwanza kuja kusoma alikuwa mama yake, na alisimama pale muda mrefu mikono kiunoni.

Ananiuliza mimi wa mjini ni bei gani ya haki. Mtu anakuja na friza, unapima miguu mitatu, unatikisa rilei, robo saa imekwisha. Elfu tatu? Elfu tano? Kumi? Na kama ni jirani? Wenye ujuzi wa mambo haya niandikieni kabla ya Iddi Kubwa, maana mzee kasema atapita kulitazama hilo katoni mwenyewe.